Mama wa saluni aliyefungwa Dallas mpaka bunge la Texas: kura yenyewe huku inapigwa Machi, sio Novemba

Msafiri_Tx (mleta uzi)

Wakuu habari za leo. Hili jambo nimekaa nalo muda naona bora niliweke hapa. Kila ukifika uchaguzi wa Marekani watu wanafungua nyuzi za Trump, za Kamala, nani kasema nini kwenye mdahalo, halafu bunge la jimbo hakuna anayeligusa. Na sisi tunaoishi Texas hilo ndilo bunge linalotushika shingoni. Kodi ya nyumba, shule ya mtoto, leseni ya kazi yako, bunduki, utoaji mimba, utaratibu wa kupiga kura, vyote hivyo vinapangwa Austin, makao makuu ya jimbo. Wanaovipanga wanapatikana kwa kura chache sana mwezi wa tatu, tena mwezi ambao nikiuliza kanisani nani kapiga kura naona watu wanatazamana.

Nitaeleza kwa mgombea mmoja ambaye nimemfuatilia tangu wakati wa korona, anaitwa Shelley Luther. Ni mhafidhina wa kweli kweli, wa mrengo wa kulia kabisa wa Republican. Uwe unampenda au humpendi, safari yake inakufundisha siasa za huku kuliko midahalo yote ya urais.

Aprili 2020, Texas imefungwa. Saluni, vinyozi, sehemu za kucha, vyote marufuku kufungua. Huyu mama alikuwa na saluni Dallas, Salon à la Mode, na Aprili 24 akafungua mlango, wateja wakaingia. Kesho yake akaenda kwenye mkutano wa hadhara Frisco, akapanda jukwaani na barua ya amri aliyoandikiwa na Clay Jenkins akaichana mbele za watu. Jenkins cheo chake kinaitwa county judge ila msichanganye, kazi yake ni mkuu wa utawala wa Dallas County, sio jaji wa kusikiliza kesi.

Mei 5 akafikishwa mbele ya jaji mwenyewe sasa, Eric Moyé. Jaji akampa njia ya kutokea: kiri kwamba ulichofanya ni ubinafsi, omba radhi, funga saluni mpaka ruhusa itoke, jela hutaenda. Mama akakataa, akasema kuwalisha watoto wake sio ubinafsi na wasusi wake nao wana njaa. Jaji akampiga siku 7 jela kwa kudharau mahakama pamoja na faini ya dola 7,000. Na siku ileile gavana Greg Abbott alikuwa ametangaza kwamba saluni zitaruhusiwa kufungua Ijumaa ya Mei 8, yani kafungwa siku tatu kabla ya ruhusa.

Hapo Texas nzima ikalipuka. Naibu gavana Dan Patrick akajitolea kulipa ile faini mfukoni mwake. Michango ya mtandaoni ikavuka dola 500,000. Mei 7 Abbott akabadilisha amri yake akaondoa kifungo, Mahakama ya Juu ya Texas ikaamuru mama atolewe, na Mei 8 seneta Ted Cruz akapanda ndege akaenda kukatwa nywele pale pale saluni, kamera zote zipo.

Sasa mtu mwingine angeishia hapo, akaendelea na saluni yake. Yeye akaingia kwenye kugombea, na hapo ndipo uzi wangu unapoanzia. Naendelea hapo chini ngoja nipumzishe vidole.

Kilongwe

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu kwa faida ya sisi tulioko Bongo hebu anza na bunge lenyewe, maana mimi najua Congress tu, lile bunge la taifa. Hilo la Texas lina wabunge wangapi, wanalipwaje, wanafanya nini.

Msafiri_Tx

Kilongwe swali zuri mkuu. Kila jimbo Marekani lina bunge lake. La Texas lina nyumba mbili, Seneti ya watu 31 na Baraza la Wawakilishi la watu 150. Sensa ya 2020 ilitoa watu kama milioni 29, gawa kwa 150 unapata kila mwakilishi ana watu kama 194,000. Wawakilishi wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Mshahara utakushangaza. Ni dola 600 kwa mwezi, yani 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho ya zaidi ya dola 200 kwa siku wakati wa kikao. Kikao chenyewe ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, kinaanza Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, baada ya hapo mpaka gavana aite kikao maalumu. Kwa hiyo usitegemee kukuta dereva wa lori au mhudumu wa wazee mle ndani. Wamejaa mawakili, wenye ranchi, wenye biashara zao, watu wanaoweza kuacha kazi miezi mitano wasilale njaa. Hili linaniuma sana kwa sababu kugombea kwenyewe ni rahisi: uwe raia, umri miaka 21, umeishi Texas miaka miwili na kwenye wilaya ya uchaguzi mwaka mmoja, unalipa dola 750 au unaleta saini 500, basi jina lako linaingia kwenye mchujo, yani ile kura ya Machi ya kila chama kumpata mgombea wake. Kuingia ulingoni ni bei ya simu nzuri, kukaa ulingoni ndio kunataka mtu mwenye nafasi.

Haya turudi. 2020 hiyohiyo kiti cha Seneti wilaya namba 30 kikabaki wazi, Pat Fallon aliyekishikilia alikuwa anaelekea Congress. Ukaitishwa uchaguzi maalumu Septemba. Luther akajitosa, na raundi ya kwanza akaongoza kwa kura chache sana mbele ya Drew Springer, mwakilishi mzoefu, Republican mwenzake. Hakuna aliyefika nusu ya kura, wakaenda raundi ya pili Desemba 19.

Na hapa ndio pa kuelewa siasa za huku. Mtu aliyemtoa jela ni gavana kwa kubadilisha amri, lakini ile amri iliyofunga saluni ilikuwa ya gavana huyohuyo. Luther hakunyamaza, akamshambulia Abbott waziwazi kwamba amri zake za korona ndio zilizowafunga watu. Abbott naye akamuunga mkono Springer na kumwaga hela. Upande wa Luther alikuwepo Tim Dunn, tajiri wa mafuta wa Midland, aliyemkopesha kampeni dola milioni 1. Springer akashinda wazi.

2022 akarudi, mara hii Baraza la Wawakilishi, wilaya namba 62, kaskazini kabisa kwenye mpaka wa Oklahoma: Sherman, Denison, Bonham, na vijiji vya kuelekea mashariki. Aliyekaa pale ni Reggie Smith, wakili, Republican. Luther akapigwa tena kwenye mchujo wa Machi.

2024 akarudi kwa mtu yuleyule kwenye wilaya ileile. Akamng'oa Machi bila hata kwenda raundi ya pili. Novemba akashinda kirahisi maana ile wilaya ni nyekundu tupu, yani rangi ya Republican, na Januari 2025 akaapishwa.

Swali ni kwamba kati ya 2022 na 2024 kilibadilika nini. Mgombea yuleyule, mpinzani yuleyule, wapigakura walewale. Naandika jibu.

Fundi_Maiko

Kabla hujajibu mkuu, mimi niko Fort Worth na huyo mama nilimpigania moyoni toka siku ile ya jela. Mke wangu anasuka, saluni aliyokuwa amekodi kiti ilifungwa wiki kwa wiki na kodi ya nyumba haikufungwa hata siku moja. Walmart mlango wazi watu wamejaa, eti ugonjwa unamkuta mtu kwenye kiti cha kusuka tu. Waliotunga zile amri walikuwa wanapokea mshahara nyumbani kwao. Mimi ni mlokole, sitaki utoaji mimba, sitaki serikali kuingilia malezi ya watoto wangu, na naamini mtu ale kwa jasho lake. Hao wanaitwa wahafidhina huku ndio wanaongea lugha ya nyumbani kwetu, sema tukienda kupiga kura wengi wetu tunaogopa tutaonekanaje.

Mama_Junia

Fundi Maiko kaka yangu nakuheshimu na yaliyowakuta nyumbani yananiuma, lakini mimi mwaka ule nilikuwa nafanya kazi nyumba ya wazee. Tulibeba miili. Wazee walikuwa wanakufa bila mtoto wao hata mmoja kuwashika mkono. Ukiniambia amri zilikuwa na makosa nitakubali, kubagua duka kubwa na saluni ndogo haikuwa haki. Ila kuchana barua jukwaani watu wakapiga makofi, wakati mimi natoka shifti na alama za barakoa usoni, mimi lile lilinichoma na mpaka leo bado.

Fundi_Maiko

Pole sana dada. Hilo siwezi kubishana nalo.

Msafiri_Tx

Mama Junia pole sana na asante kwa kusema, naomba wanaosoma wasiruke hiyo komenti.

Sasa 2022 mpaka 2024. Vilitokea vitu viwili vikubwa na vyote viwili vilikuwa ndani ya Republican wenyewe kwa wenyewe, Democrats hawahusiki.

Cha kwanza, Mei 27, 2023 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki mwanasheria mkuu wa Texas, Ken Paxton, ili Seneti imwondoe madarakani, kura 121 kwa 23. Baraza linaongozwa na Republican, na mshtakiwa ni Republican. Seneti ikamsafisha Septemba. Paxton akatoka na hasira akaapa kuwafuata kwenye wilaya zao waliompigia kura ya kumshtaki, na alifanya kweli.

Cha pili ndicho kizito: vocha za shule. Yani serikali imlipie mzazi sehemu ya ada ya shule binafsi kwa pesa za umma. Abbott aliitaka sana sheria hii, mwaka 2023 akaita vikao maalumu mpaka cha nne. Novemba 17, 2023 mwakilishi John Raney wa College Station, Republican, akaleta pendekezo la kuzitoa vocha kwenye mswada, likapita 84 kwa 63. Republican 21 walisimama na Democrats kulipitisha. Reggie Smith alikuwa mmoja wao.

Mtu anaweza kuuliza Republican wa shamba anakataaje vocha wakati chama kinazitaka? Nenda mji mdogo wowote wa kule kaskazini au mashariki utaelewa. Shule ya wilaya ndio mwajiri mkubwa kuliko wote. Dereva wa basi, mpishi, mwalimu, fundi wa viyoyozi, wote mshahara wao unatoka pale. Ijumaa usiku mji mzima uko uwanjani kuangalia futiboli ya watoto wa sekondari. Shule binafsi hakuna, iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima, sasa vocha utaitumia wapi? Hao 21 wengi wao hawakuwa waliberali hata kidogo, walikuwa wanalinda ajira za kwao.

Abbott akaamua kuwang'oa. Desemba 2023 akapokea dola milioni 6 kutoka kwa mtu mmoja tu, Jeff Yass, bilionea wa Pennsylvania anayepigania vocha. Texas haina kikomo cha mtu binafsi kumchangia mgombea wa viti hivi, weka unachotaka. Halafu yakaja matangazo na vipeperushi kwenye masanduku ya barua, na ukivisoma vingi havikutaja vocha kabisa, vilikuwa vinaongelea mpaka na wahamiaji.

Kati ya wale 21, tisa wakapoteza viti kwenye mchujo. Sita walikwenda Machi 5, 2024: Steve Allison, Ernest Bailes, Travis Clardy, Glenn Rogers, Hugh Shine na Reggie Smith. Watatu raundi ya pili Mei 28: DeWayne Burns, John Kuempel na Justin Holland. Baadhi ya waliobaki walishastaafu wenyewe kabla hawajafika kwenye debe.

Kwa hiyo Luther aliyekuwa anaonekana wa pembeni mno 2020, miaka minne baadaye chama kikawa kimesogea mpaka alipokuwa amesimama yeye.

Kilongwe

Daah. Hii si ndio kura za maoni za CCM kabisa? Unakuwa mbunge miaka kumi, unarudi kwa wajumbe wanakuchekea, wanakula, wanakula tena, matokeo yakisomwa una kura sita. Wajumbe sio watu mkuu, 2020 tuliona vilio.

Msafiri_Tx

Kinachofanana ni kwamba kwenye jimbo ambalo chama kimoja kinashinda kila siku, kura za ndani ndio uchaguzi wenyewe. Tofauti ni kwamba huku hakuna wajumbe wala kamati kuu ya kukata jina. Aliyepita nusu ya kura kwenye mchujo, au aliyeshinda raundi ya pili, ndiye mgombea, mwenyekiti wa chama hata akinuna hana la kufanya. Na anayepiga kura ni mpigakura yeyote aliyejiandikisha. Texas haina hata mambo ya kujiandikisha na chama, unafika kituoni unasema leo nataka karatasi ya Republican au ya Democrats, wanakupa.

Sasa wale wajumbe wa kwenu wa 2020 hawakuzidi mamia kadhaa wakiwa ukumbini. Huku mlango uko wazi kwa watu karibu milioni 18 walioandikishwa, na Machi 2024 waliojitokeza vyama vyote viwili ni kama milioni 3.3. Novemba ya mwaka ule wakatoka zaidi ya milioni 11. Ndio maana kichwa cha uzi kinasema nilichosema. Novemba wapigakura wa wilaya kama ya 62 wanaenda kuthibitisha kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Kericho_Boy

Niko Minnesota, hii stori imenibamba sana bana. Kwetu Kenya nominesheni ni vita, watu hulala na masanduku, so huku nilishangaa kuona mchujo umefanyika na hakuna mtu amepigwa kiti. Lakini wacha niongeze kitu. 2024 hapa Minnesota tulimchagua Huldah Momanyi Hiltsley kwa Baraza la Wawakilishi la jimbo, mzaliwa wa Kenya, wilaya 38A pande za Brooklyn Park. Yeye ni Democrat so siasa zake na za huyo mama wa saluni ni mbingu na ardhi. Lakini mchezo ni uleule, alianza na watu wa mtaa, makanisa, vikundi vya akina mama, na hapo kwa mchujo ndio kazi ilikuwa. Watu wetu wakijitokeza kura za jimbo wanaweza beba mtu. Urais huwezi, wewe ni tone. Bunge la jimbo kura mia nne zinaamua.

Msafiri_Tx

Kericho Boy umenipa daraja. Hiyo ya kura mia nne sio maneno tu, ilitokea Texas mwaka huohuo.

Spika wa Baraza alikuwa Dade Phelan wa Beaumont, karibu na Louisiana. Spika huku ni mtu mzito, ndiye anagawa kamati na kuamua mswada gani ufike mbele. Kwa sababu Baraza lilimshtaki Paxton chini yake, na vocha zilifia mikononi mwake, akaletewa mpinzani kwenye wilaya yake namba 21: David Covey, aliyekuwa mwenyekiti wa Republican wa Orange County, mhafidhina asiye na historia ya kushika kiti kikubwa. Nyuma ya Covey walisimama Trump, Dan Patrick na Paxton. Jamani, rais wa zamani anahangaika na kiti cha dola 600 kwa mwezi!

Machi Covey akaongoza, Spika wa pili, wakapelekwa raundi ya pili. Tangu 1972 haijawahi kutokea Spika wa Texas akaburuzwa mpaka huko. Mei 28 zikapigwa kura zaidi ya 25,000, Phelan akapona kwa tofauti isiyofika kura 400. Wilaya ya watu 194,000 na kitu, Spika wa jimbo la pili kwa ukubwa Marekani kabaki kwa idadi ya watu wanaojaa kanisa moja la Waswahili siku ya Pasaka.

Na kupona kwenyewe hakukumsaidia sana. Desemba akajitoa kwenye mbio za uspika, Januari 2025 akachaguliwa Dustin Burrows kura 85 kwa 55 dhidi ya David Cook.

Mama_Junia

Na vocha je? Maana mimi siku hizi niko ofisi ya shule ya wilaya ndogo mashariki ya Texas, na mazungumzo ya chumba cha chakula ni hayo hayo.

Msafiri_Tx

Zilipita dada. Abbott alisaini Mei 3, 2025. Dola bilioni 1 kwa kuanzia, zinaanza kutumika mwaka wa shule wa 2026 kwenda 2027. Mtoto wa shule binafsi anapata kama dola 10,000 kwa mwaka, mwenye ulemavu mpaka 30,000, anayesomea nyumbani 2,000. Na angalia hesabu hii: 2023 Republican waliozikataa walikuwa 21. 2025 waliopiga kura ya hapana ni wawili tu, Gary VanDeaver ambaye naye alinusurika raundi ya pili ya mchujo, na Dade Phelan. Yani Machi ile na Mei ile ndizo zilizopitisha sheria, bungeni walienda kusoma matokeo.

Mama_Junia

Basi niseme la moyoni. Shule yetu ina watoto wa mashamba, wa viwanda vya kuku, wengine Kiingereza ndio wanaanza, wengine chakula cha maana kwa siku ni kile cha kwetu. Fedha ya shule Texas inahesabiwa kwa wastani wa mahudhurio, mtoto akiondoka na fungu lake linaondoka, ila basi lazima litembee njia ileile na taa ziwake zilezile. Hao watoto hawana shule binafsi ya kwenda hata ukiwapa hiyo elfu kumi, haipo. Mwakilishi wa namna ya Smith alikuwa analijua hilo kwa sababu anaishi nalo. Kumtoa mtu wa hivyo kwa pesa ya bilionea wa Pennsylvania ambaye hajawahi kukanyaga Bonham, mimi siiti demokrasia hata kama karatasi zilihesabiwa vizuri.

Fundi_Maiko

Dada nakuelewa ila na mimi nisikilize. Watoto wangu wanasoma shule ya kanisa. Nalipa kodi ya nyumba, na sehemu kubwa yake inaenda shule za wilaya ambazo wanangu hawasomi, halafu nalipa ada tena. Nikipata hiyo elfu kumi mke wangu anapumzika Jumapili. Kwangu mimi hilo sio la bilionea, ni la nyumbani kwangu. Na Luther hakushinda kwa hela tu, 2020 alikuwa na milioni ya Dunn na bado alipigwa. Alirudi mara mbili. Watu wa Sherman walimwona, walimsikia, wakamchagua. Hela inanunua kipeperushi, mguu wa kwenda kituoni hainunui.

Msafiri_Tx

Mnajua mnachonifurahisha nyie wawili, mmefanya mjadala ambao watu wa wilaya ya 62 walipaswa kuufanya na wengi wao hawakuufanya.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kwenye vocha niko na Mama Junia, kwa miji midogo naona ni hasara. Kwenye saluni niko na Fundi Maiko, mtu wa kipato cha siku alionewa na kumweka mama jela kwa kusuka kulikuwa kupita kiasi. Luther kama mgombea namheshimu kwa kitu kimoja ambacho sitakificha, alijua uwanja uko wapi. Hakungoja Novemba, hakungoja chama kimpende, alipigwa na gavana na akarudi tena. Upande wa walimu, wazazi wa shule za umma, wahamiaji wenye uraia, wote wale walikuwa na sababu ya kwenda kwenye mchujo wa Republican Machi 2024 kumlinda mtu wao, na sheria inawaruhusu. Wengi hawakwenda. Wengine wanasema mimi ni Democrat siwezi kugusa karatasi nyekundu. Sasa kama unaishi Grayson County, kule wilaya ya 62, na karatasi nyekundu ndiyo inayochagua mtu wa kuamua shule ya mtoto wako, unamwachia nani?

Nalisema kwa uchungu kwa sababu jamii yetu Dallas, Houston, Fort Worth wenye uraia ni wengi. Harusi tunachanga, msiba tunachanga mpaka maiti inafika nyumbani kwa wiki, kamati zetu zina mwenyekiti na katibu na mweka hazina. Uwezo wa kupanga watu tunao. Huyo Covey angehitaji kamati mbili tatu kama za misiba yetu na leo angekuwa bungeni, na Phelan vilevile bila watu wachache angekuwa nyumbani.

Kericho_Boy

Hapo kwa kamati za msiba umenimaliza. Ukweli mtupu.

Kilongwe

Mkuu swali la mwisho, mtu mwenye green card anaruhusiwa kwenye huo mchujo? Maana umesema mlango wazi.

Msafiri_Tx

HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Raia tu. Mwenye green card akijiandikisha au akipiga kura ni kosa la jinai na uhamiaji wanaweza kumwondoa nchini, hata kama karani wa leseni ndiye aliyempa fomu kwa bahati mbaya. Ukiulizwa kama wewe ni raia na hujaapa bado, jibu ni hapana, na fomu usiisaini.

Fundi_Maiko

Sasa mke wangu ameapa juzi, cheti cha uraia kipo mkononi. Mchujo ni Machi ya mwaka wa uchaguzi si ndio? Anaanzia wapi, na kanisani wanasema lazima awe na kadi ya Republican kwanza.

Msafiri_Tx

Hongera sana kwa shemeji! Kadi ya chama hakuna, wasimtishe. Ajiandikishe angalau siku 30 kabla ya siku ya kura. Texas bado haijaruhusu kujiandikisha mtandaoni kwa mtu mpya, achukue fomu maktaba au posta, ajaze, asaini kwa mkono, aitume au aipeleke mwenyewe ofisi ya kaunti. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye leseni. Siku ya kura aende na kitambulisho chenye picha, achague karatasi ya chama kimoja, na akumbuke akishachukua ya Republican raundi ya pili ya Mei hawezi kwenda ya Democrats, na hivyo hivyo kinyume chake. Akiwa na shifti siku hiyo kuna upigaji kura wa mapema siku kadhaa kabla, kituo chochote cha mapema ndani ya kaunti yake.

Fundi_Maiko

Asante mkuu. Na mwakilishi wetu ni nani hasa, maana hata mimi nampigia kura Novemba kwa kufuata herufi ya chama tu.

Msafiri_Tx

Ingia tovuti ya bunge la Texas, kuna sehemu unaandika anwani yako, inakuletea jina la mwakilishi na seneta wako na namba ya wilaya. Halafu angalia alivyopiga kura kwenye kikao kilichopita, zote ziko pale. Nitumie namba ya wilaya hapa hapa tuangalie kama ana mpinzani kwenye mchujo.